Uhandisi na biashara kwa ombi moja: tathmini ya udahili wa M&T katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania

Miongoni mwa programu za Marekani zinazomruhusu kijana atokaye sekondari kusoma uhandisi na biashara kwa pamoja, ile ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania iitwayo Jerome Fisher Program in Management and Technology, kwa kifupi M&T, ndiyo ninayoiona kuwa inasema waziwazi zaidi inamtafuta mtu wa namna gani, na papo hapo ni miongoni mwa zilizo ngumu zaidi kuingia. Ninaitathmini hapa kama mtu anavyotathmini huduma yoyote: inaahidi nini, inadai nini, inamfaa nani, na ni wapi inamwacha mwombaji wa kwetu akihangaika. Mimi ni mwalimu wa hisabati wa kidato cha tano na cha sita, nimewasaidia wanafunzi kadhaa kujaza fomu za programu za namna hii, na wa karibuni zaidi ni mpwa wangu, ambaye mfano wake nitautumia kwa idhini yake.

Kwanza ieleweke kinachotolewa. Chuo kiko Philadelphia, na M&T inaunganisha shule zake mbili ambazo kila moja ina jina peke yake. Shule ya biashara, Wharton, ilianzishwa mwaka 1881 na ndiyo ya kwanza ya ngazi ya chuo kikuu nchini humo. Shule ya uhandisi ndiyo iliyojenga ENIAC, kompyuta ya kielektroniki iliyoonyeshwa hadharani mwaka 1946. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 programu hii imekuwa ikichukua kundi dogo, siku hizi wanafunzi wapatao 50 kwa mwaka, nao humaliza na shahada mbili kamili ndani ya miaka minne: moja ya uchumi kutoka Wharton na nyingine ya uhandisi au ya sayansi tumizi. Jina la Jerome Fisher ni la mhitimu wa Wharton aliyetajirika kwa biashara ya viatu vya Nine West kisha akaifadhili programu. Mwanafunzi habebi nusu ya huku na nusu ya kule. Anabeba mizigo yote miwili, na kwa sababu hiyo idadi ya kozi zake kwa muhula huwa kubwa kuliko ya mwenzake aliye katika shule moja.

Kwa msomaji wa Tanzania, mvuto wa mpango huu unaeleweka haraka kwa sababu mfumo wetu humtaka kijana achague mapema sana. Akimaliza kidato cha nne anapangiwa tahasusi, yaani kundi la masomo ya kidato cha tano na cha sita, na mwenye PCM (fizikia, kemia na hisabati) anaagana na biashara siku hiyo hiyo, kama ambavyo mwenye ECA (uchumi, biashara na uhasibu) anaagana na fizikia. Miaka miwili baadaye anaomba chuo kwa alama, na anayetaka kuunganisha fani hizi mbili kwa kawaida husoma uhandisi kwanza, akafanya kazi, kisha akarudi darasani kwa shahada ya uzamili ya usimamizi. Njia hiyo si mbaya, na wahandisi wengi tunaowaheshimu wameipita. Hata hivyo wapo vijana wachache ambao tangu wakiwa kidato cha tano hawawezi kuiona mashine bila kuuliza inalipaje, na hao ndio ambao M&T inawatafuta. Niongeze kwamba mwombaji wa kwetu mwenye nafasi ya kweli ni yule wa PCM, au wa tahasusi nyingine yenye hisabati ya juu na fizikia, kwa kuwa shule ya uhandisi itamdai kalkulasi na fizikia tangu mwanzo. Aliyesoma ECA, hata akiwa na alama za kung'aa, atakuwa na kazi kubwa ya kujieleza.

Sehemu ya kwanza ya maombi haina jambo geni. Fomu hujazwa mtandaoni kupitia Common App, mfumo wa pamoja wa vyuo vingi vya Marekani, ada ni dola 75, na familia isiyoimudu inaweza kuomba isamehewe ndani ya mfumo huo huo. Nimeona waombaji wakichangisha fedha hizo kwa ndugu bila kujua kwamba msamaha upo. Kuna insha kuu isiyozidi maneno 650, ambayo husomwa na kila chuo anachokiomba, kisha maswali mafupi ya Pennsylvania yenyewe, likiwamo moja linalomtaka mwombaji amwandikie shukrani mtu ambaye hajawahi kumshukuru. Mtihani wa udahili wa SAT au ACT, ambao ulikuwa hiari kwa miaka kadhaa baada ya UVIKO, umerudishwa kuwa sharti kuanzia msimu wa maombi wa mwaka 2025 hadi 2026, ingawa mwenye kizuizi cha kweli anaweza kuomba aondolewe. Vituo vya SAT vipo Dar es Salaam na Nairobi, lakini mwanafunzi wa Kigoma au Mandera asidhani kwamba hilo ni jambo la wiki moja. Nauli, malazi na kitambulisho halali ni mambo ya kupanga miezi kabla.

Kinachoipambanua M&T ni insha zake mbili za nyongeza, na hapa ndipo ninapoipa alama za juu kabisa. Ya kwanza, yenye maneno kati ya 400 na 650, inamtaka mwombaji aeleze jinsi atakavyoitumia programu kuchunguza biashara, uhandisi, na mahali vinapokutana. Ya pili, ya maneno 250, inamtaka aeleze tatizo alilolitatua kwa ubunifu na uongozi. Maswali haya ukiyasoma juu juu unaweza kuyaona ya kawaida, lakini ukikaa na kijana anayejaribu kuyajibu unagundua yamepimwa vizuri, kwa sababu hayajibiki kwa alama za mtihani wala kwa vyeti vya kuhudhuria makongamano.

Mpwa wangu alianza insha fupi kama wanavyoanza wengi: ndoto ya utotoni, Afrika inayosubiri viongozi vijana, na klabu ya shule aliyokuwa mwenyekiti wake. Nilimuuliza ni tatizo gani hasa alilolitatua, naye akanyamaza, kisha akanitajia kwa aibu mashine ya kusaga ya mama yake. Mota ya mashine ile ilikuwa ikiungua mara kwa mara, na kila ikiungua fundi alikuja kusuka upya waya zake, faida ya mwezi ikaenda naye. Binti alichukua daftari la mauzo na kuanza kuandika pembeni saa ambazo mota ilikuwa ikichemka, akaona kwamba karibu zote ni za jioni, wakati nyumba zote za mtaa zimewasha taa na majiko na nguvu ya umeme imeshuka. Alikuwa amekwisha kufundishwa darasani kwamba mota yenye mzigo ule ule inapopewa volti pungufu huvuta mkondo mkubwa zaidi, na mkondo huo ndio unaochemsha waya. Fundi alipendekeza kifaa cha kuilinda mota; fedha hazikuwapo. Basi alimshauri mama yake apunguze shilingi 20 kwa kilo kwa yeyote atakayeleta mahindi kabla ya saa sita mchana, na foleni ya jioni ikapungua kiasi kwamba mahindi yakawa yanamiminwa taratibu na mota ikapumua.

"Mjomba, hii si insha, hizi ni hesabu za mashine," aliniambia. Nilimjibu kwamba ndicho walichomuuliza. Tatizo la umeme limetatuliwa kwa bei, na hakuna maelezo mafupi zaidi ya mahali ambapo uhandisi na biashara hukutana. Kazi iliyobaki ilikuwa ya kukata: sentensi ya kwanza ikawa ni mota iliyoungua, volti zikapata sentensi mbili, punguzo la bei likapata tatu, na Afrika inayosubiri viongozi ikaondoka kabisa.

Insha ndefu ilimsumbua zaidi, nami nadhani huwasumbua wote. Kosa la kawaida ni kuandika insha mbili zilizogandishwa kwa gundi: aya mbili za kuisifu Wharton, aya mbili za kuisifu maabara, na sentensi ya mwisho inayosema kwamba vyote viwili ni muhimu. Programu yenyewe inashauri mwombaji ataje fani ya uhandisi na eneo la biashara analokusudia, na ushauri huo ufuatwe kwa uzito, lakini kutaja pekee hakutoshi. Kinachohitajika ni swali ambalo huwezi kulijibu ukiwa upande mmoja tu. Kwa binti huyu swali lilitoka kwenye mashine ile ile: kwa nini mashine ndogo za kusaga zinauzwa bila kifaa cha kulinda mota, ilhali gharama yake ni ndogo kuliko ya kusuka waya mara mbili? Mhandisi atasema kifaa kipo na kinafanya kazi. Mtu wa biashara atauliza ni nani anayebeba hasara, na atagundua kwamba muuzaji wa mashine hapotezi chochote mota ikiungua, wakati mnunuzi analinganisha bei za siku ile tu kwa sababu analipa taslimu. Kutoka hapo aliweza kueleza kwa nini anataka uhandisi wa umeme pamoja na usimamizi wa uzalishaji, na kwa nini shahada moja isingemfikisha.

Hapa niseme neno kuhusu mawakala. Wapo mijini watu wanaotoza ada kubwa kwa ahadi ya kumwingiza kijana katika vyuo vya Marekani, na mmoja wao, ambaye sitamtaja, aliwahi kuwapa wanafunzi wawili ninaowafahamu insha zilizofanana hadi mifano. Msomaji wa maombi anayesoma mamia ya insha kwa msimu hahitaji mashine kuitambua insha ya kununua. Huduma ya EducationUSA, iliyo chini ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, hutoa ushauri bure, na mwalimu wa Kiingereza wa shule yenu akishirikiana na wa fizikia wanatosha kabisa kwa kazi ya kusahihisha.

Jambo ambalo halielezwi kwa sauti ya kutosha ni uhusiano kati ya ombi la M&T na ombi la chuo. Mwombaji wa programu hii anaweza pia kufikiriwa kwa shahada moja, ya uhandisi au ya biashara, endapo M&T itamkataa, na kwa hiyo uchaguzi wa shule hiyo ya pili si wa kujaza nafasi tu. Vijana wengi huandika Wharton kwa sababu ya jina. Mimi huwauliza: ukinyimwa viwili na ukapewa kimoja, kipi kitakufanya uamke asubuhi? Uzito wa swali hili unaongezeka kwa anayeomba mapema. Ombi la mapema, ambalo mwisho wake ni tarehe 1 Novemba na majibu hutoka katikati ya Desemba, lina sharti la kufunga: ukikubaliwa unakwenda, na maombi mengine unayaondoa. Ombi la kawaida hufungwa tarehe 5 Januari na majibu yake huja mwishoni mwa Machi. Anayeomba mapema asome kwa makini maana ya kufungwa huko hata kama atapewa shahada moja badala ya mbili, na mzazi atakayetia saini asome pia.

Kalenda yetu nayo haisaidii. Mwanafunzi wa Tanzania aliye kidato cha sita anaomba miezi kadhaa kabla ya mtihani wa taifa wa Mei, na matokeo hutoka Julai, baada ya tarehe 1 Mei ambayo chuo kinataka jibu. Kwa hiyo anapimwa kwa matokeo ya kidato cha nne, alama za shule na makadirio ya walimu. Mkenya anayefanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, yuko katikati ya mtihani wakati ombi la mapema linafungwa, na wengi huona ni busara kusubiri matokeo na kuomba msimu unaofuata. Barua za kumpendekeza mwombaji hutoka kwa walimu na kwa mshauri wa shule, na kwa kuwa shule zetu nyingi hazina mshauri wa namna hiyo, kazi humwangukia mwalimu wa taaluma au mkuu wa shule, ambaye amezoea kuandika kwamba mwanafunzi ni mwadilifu na ana nidhamu. Barua hiyo haimdhuru, lakini haimsaidii. Mwalimu wa fizikia akieleza siku ambayo mwanafunzi alibishana na kitabu na akawa sahihi, ameandika barua. Ni vizuri pia shule iambatanishe ukurasa mmoja unaoeleza tahasusi na madaraja ya ufaulu, maana mtu wa Philadelphia hana sababu ya kujua kwamba "Division One" ya pointi tatu ndiyo ya juu kabisa.

Sasa fedha, ambako tathmini yangu inashuka. Gharama yote ya mwaka mmoja Pennsylvania, ukijumlisha ada, malazi na chakula, inazidi dola 85,000. Chuo kinaahidi kukidhi mahitaji yote ya kifedha ya mwanafunzi kiliyemkubali, tena kwa ruzuku pasipo kumtwisha mkopo, na ahadi hiyo inawahusu hata wageni. Tofauti iko mlangoni: raia na wakazi wa kudumu wa Marekani pamoja na raia wa Kanada na Meksiko hupimwa bila kuangaliwa mifuko yao, wakati Mtanzania au Mkenya anayeomba msaada huangaliwa na hilo linaweza kuingia katika uamuzi. Kwa programu inayochukua watu wapatao 50 dunia nzima, mlango huo ni mwembamba kweli kweli. Baadhi ya wazazi hufikiri ni ujanja kuomba bila msaada kisha kulia baadaye. Mgeni ambaye hakuomba msaada pamoja na ombi lake la kwanza hatapewa nafasi ya kuuomba miaka inayofuata, kwa hiyo ujanja huo humrudisha kijana nyumbani. Fomu ya CSS Profile inayotumika kupima uwezo wa familia imeandikwa kwa kumfikiria mtu mwenye hati ya mshahara na kodi ya mwaka. Mama mwenye mashine ya kusaga ana daftari. Daftari hilo linaweza kumsaidia likifuatana na barua ya maelezo iliyoandikwa vizuri, lakini maandalizi yake yaanze mapema kama ya insha.

Kwa sababu hizo simshauri yeyote aiombe M&T peke yake. Berkeley, katika Jimbo la California, ilianzisha mwaka 2017 programu inayoitwa M.E.T. ambayo nayo inatoa shahada mbili kwa miaka minne, kati ya shule ya biashara ya Haas na chuo cha uhandisi. Udahili wake una tabia nyingine: mfumo wa Chuo Kikuu cha California hauangalii SAT kabisa, na badala ya insha moja ndefu mwombaji hujibu maswali manne kati ya manane kwa maneno yasiyozidi 350 kila moja, jambo linalomfaa kijana asiye na pumzi ya insha ndefu. Kasoro yake kwa mtu wa kwetu ni moja na ni kubwa, kwamba msaada wa fedha kwa wanafunzi wa kigeni wa shahada ya kwanza ni kama haupo. Lehigh, iliyoko Bethlehem katika Jimbo la Pennsylvania lile lile, mji uliojengwa na viwanda vya chuma, ina programu teule ya biashara na uhandisi jumuishi ambayo huishia katika shahada moja iliyounganishwa; kwa kijana anayetaka kuelewa kiwanda kizima kuliko kujaza ukuta kwa vyeti, ningeiweka karibu sana na M&T.

Vipo pia vyuo vinavyofungua mlango wa programu za namna hii baada ya mwanafunzi kuingia chuoni. Chuo Kikuu cha Maryland kina QUEST, na Illinois ya Urbana-Champaign ina Hoeft Technology and Management. Zote mbili huchukua wanafunzi ambao tayari wamo chuoni, wa biashara na wa uhandisi, na kuwaweka timu moja mbele ya matatizo ya kampuni halisi. Kwa maoni yangu mpangilio huu una haki zaidi, kwa kuwa unampima mtu kwa alichokifanya ndani ya darasa la chuo, na si kwa kile ambacho shule yake ya sekondari iliweza au haikuweza kumpa. Bahati mbaya vyuo hivi ni vya umma, na ruzuku kwa wageni ni haba.

Nikiulizwa kama M&T inastahili jasho lake, jibu langu ni ndiyo kwa kijana mwenye swali kama lile la mota, mwenye hisabati imara, na mwenye familia iliyo tayari kuanika daftari lake la mauzo mbele ya watu asiowajua; kwa anayevutwa na jina la Wharton na kuiona fizikia kama tiketi, hapana, aombe biashara moja kwa moja, atalala vizuri zaidi. Maombi ya msimu hufunguliwa mwezi Agosti, na anayekusudia kuomba mapema ajiandikishe SAT ya Agosti au Oktoba, awape walimu wake taarifa kabla ya likizo, na aanze na ile insha ya maneno 250 kabla ya kuigusa nyingine yoyote.